Sindano ya wiki ya 14 isiishie kwenye sindano

Muulize mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mwanawe alikuwaje alipokuwa na miezi mitatu. Mara nyingi atakujibu kwamba alikuwa mpole. Halii ovyo, ukimlaza hapa unamkuta hapa. Wamama wa Bukavu wanaoishi Yeoville, Johannesburg, huniambia kwa Kiswahili chao, "Huyu mutoto iko mupole sana," na wa Tanga na Mombasa wana namna yao ya kusema lilelile, tena kwa shukrani, maana nani asiyetaka mtoto asiyesumbua? Wapo wengine ambao mtoto wao alijikaza na kujipinda nyuma kila alipofungwa mgongoni, wakaambiwa na jirani ni chango, litaisha. Wote hao waliwapeleka watoto kliniki. Walikwenda wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na tarehe zimo kwenye vitabu vyao. Wengi hunifikia mtoto akiwa na mwaka na nusu, hajakaa, nyonga zimeanza kukaza na mama amekonda kwa kumbeba.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wamama huniita "dada wa mazoezi", na sina ugomvi na jina hilo. Nilisomea KCMC, Moshi, na mkate wangu sasa naupata Johannesburg. Nayaandika haya kwa gazeti la nyumbani kwa sababu ninayoyaona huku yanafanana mno na ya Korogwe, Kisumu na Kampala, na kwa sababu naamini tunao mlango mmoja ambao tayari uko wazi na hatuutumii. Mlango huo ni sindano za wiki ya 14.

Johannesburg haina uhaba wa majengo ya tiba. Soweto ipo Chris Hani Baragwanath, mojawapo ya hospitali kubwa kabisa duniani. Parktown ipo Charlotte Maxeke, na karibu nayo hospitali ya watoto yenye jina la Nelson Mandela iliyofunguliwa 2016. Coronationville ipo Rahima Moosa, ya wamama na watoto. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kinatoa madaktari na wataalamu wa mazoezi kila mwaka. Hata hivyo utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu watoto waliozaliwa Baragwanath ulikuta kwamba walioumia ubongo kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa walikuwa kati ya 8 na 13 katika kila 1,000, kutegemea kipimo kilichotumika. Hiyo ni hospitali ya rufaa, hupokea uzazi mgumu, kwa hiyo namba yake lazima iwe juu. Lakini nchi tajiri huhesabu mmoja au wawili.

Mtindio wa ubongo ni kovu. Ubongo ambao bado unajijenga hupata jeraha, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Jeraha lenyewe halikui, ila athari zake kwenye misuli, mkao, ulaji na usemi hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Mama hatakutajia majina ya kitabuni. Atakwambia mtoto hakulia alipotoka. Au alikuwa njiti. Au macho yalikuwa manjano kama kiini cha yai wakamrudisha nyumbani. Au alishikwa na degedege siku ya pili. Ukisikia mojawapo ya hayo manne, ujue una mtoto wa kufuatiliwa, hata kama leo anacheka.

Kwetu kuna la tano. Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichunguza watoto zaidi ya 31,000 katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na matokeo yakatoka mwaka 2017: karibu watoto watatu katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, na kwa robo yao hivi jeraha lilikuja baada ya siku za uchanga, malaria kali ikiwa miongoni mwa sababu. Waliporudi kuwafuatilia watoto hao walikuta hatari yao ya kufa ni mara 25 ya watoto wengine wa eneo lile. Hebu isome tena namba hiyo. Mtindio wenyewe hauui. Wengine hufa kwa sababu hawawezi kumeza vizuri, wanakosa chakula, maziwa yanaingia mapafuni, na hakuna aliyemfundisha mama jinsi ya kumweka mtoto anapomlisha.

Sasa turudi kwenye wiki ya 14, kwa sababu hapo ndipo elimu na ratiba zimekutana bila kupangwa na mtu.

Mwaka 1997 Heinz Prechtl, daktari Mwaustria aliyefanya kazi miaka mingi Groningen, Uholanzi, alichapisha pamoja na wenzake katika jarida la Lancet matokeo ya kuwatazama watoto wachanga 130. Narudia, kuwatazama. Watoto walilazwa chali, wakiwa macho, wameshiba, hawana nyonyo mdomoni wala kichezeo mbele yao, wakarekodiwa kwa video. Alichokuwa anakitafuta Prechtl ni jambo ambalo kila bibi ameliona bila kulipa jina. Mtoto mzima wa miezi mitatu hatulii. Shingo, mabega, vifundo vya mikono, nyonga na vifundo vya miguu vinachezacheza kwa miondoko midogo, ya mviringo, ya kila upande, bila kukoma na bila kusudi lolote. Miondoko hiyo huanza kama wiki ya 9 baada ya tarehe ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa, na hupotea kama wiki ya 20, mtoto anapoanza kunyoosha mkono kwa makusudi. Ikikosekana kabisa katika dirisha hilo, au mwili mzima ukawa unakaza kwa pamoja na kulegea kwa pamoja, ubongo unasema una shida.

Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali likiongozwa na Iona Novak wa Australia lilikusanya ushahidi wote uliokuwepo. Walisema mtindio wa ubongo, ambao kwa kawaida ulikuwa ukitajwa mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi miwili, unaweza kutambuliwa kabla ya miezi sita. Kwa watoto walio hatarini, walio chini ya miezi mitano, kutazama miondoko kulipata wastani wa 98 katika kila 100 ambao baadaye walithibitika. Picha ya MRI ilipata 86 hadi 89. Kwa hiyo jicho lililofunzwa liliipita mashine ambayo Tanzania nzima unaweza kuhesabu ilipo.

Kuna pia kipimo cha pili, kinachotumia mikono. Kinaitwa kipimo cha Hammersmith, kwa jina la hospitali ya London kilikotengenezwa. Kina vipengele 26 na alama 78. Kifaa chake ni mpira mdogo au kinjuga cha kuchezea, na muda wake ni kama dakika kumi. Mmoja wa waliokitengeneza pamoja na mkewe Lilly ni Victor Dubowitz, mzaliwa wa Beaufort West, mji mdogo wa nusu jangwa la Karoo hapa Afrika Kusini, aliyesomea udaktari Cape Town. Kwa hiyo tusiambiane kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa mbali. Mmoja wa waliotengeneza kipimo hicho ametoka Karoo, na leo sista wa kliniki iliyo mwendo wa teksi moja kutoka kwangu hajawahi kukisikia. Simlaumu. Hakuna aliyemfundisha, na foleni yake imeanza kabla ya jua.

Wiki ya 14 sasa. Afrika Kusini, Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo: kote ratiba ya chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake katikati kabisa ya dirisha la Prechtl, serikali zetu tayari zimemwita kila mama aje na mtoto. Mama amepanda teksi ya Noord au bodaboda ya Mbale, amepoteza siku ya biashara, amefika. Kitabu cha afya cha hapa, kile cha toleo jipya lililotoka 2018, hata kina ukurasa wa kuangalia ukuaji wa mtoto kwenye ziara hiyohiyo ya wiki ya 14. Na nini kinatokea? Mwezi wa saba Johannesburg ni baridi ya kukata mifupa, mtoto kafunikwa blanketi zito la manyoya na kofia hadi kwenye nyusi. Mama anakaa, anafunua paja. Sindano inaingia. Mtoto analia, anafungwa tena mgongoni, mwingine anaitwa. Taifa zima limeona paja la mtoto huyu. Mtoto mwenyewe hajaonwa.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya sindano, maana baada yake atalia na hutaona kitu, muuguzi afungue ukurasa wa kuzaliwa na kuuliza yale manne: alilia, alitimiza miezi, alipata manjano, alipata degedege? Mtoto asiye na hata moja apate sindano zake aende. Aliye na moja, avuliwe, alazwe kwenye mkeka mahali penye joto, na simu imrekodi dakika tatu. Video hiyo iende kwa mtu aliyefunzwa kuisoma. Wapo Afrika Kusini. Marlette Burger wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 2011 kwamba njia hii inafanya kazi kwa njiti wa Cape Town. Australia tayari wazazi hujirekodia wenyewe nyumbani kwa programu ya simu iitwayo Baby Moves. Ndugu zangu, watu wanaotumiana video za harusi kutoka Hillbrow hadi Lubumbashi kila Jumamosi hawatashindwa na dakika tatu za mtoto.

Tahadhari mbili za kitaalamu, nizipitie haraka. Njiti huhesabiwa kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa: aliyewahi kwa wiki nane, akifika wiki ya 14 ya kadi, mwili wake uko wiki ya 6, miondoko hiyo bado haijaanza, kwa hiyo aitwe tena akiwa na miezi mitano hivi. Pili, usitazame kila mtoto wa mji kwa kipimo hiki ukawatia hofu wazazi elfu kwa ajili ya mmoja. Nguvu yake iko kwa walio hatarini. Na yule wa Iganga aliyepata malaria ya kichwani akiwa na mwaka mmoja hatapatikana kwa njia hii hata kidogo. Huyo afuatiliwe tangu anapotoka wodini.

Daktari mmoja rafiki yangu hupenda kunikatiza hapa. "Dada, mkishawatambua, mnawapeleka wapi?" Ni swali halali, tena ndilo swali lenyewe. Kumwambia mama wa Rosettenville, hapa Johannesburg, kwamba mwanawe wa miezi minne huenda ana mtindio wa ubongo, kisha kumpa miadi ya miezi minane mbele, ni ukatili. Bora usingemwambia.

Lakini rafiki yangu anadhani "pa kuwapeleka" ni lazima pawe jengo. Miaka ya nyuma tulitarajia mashine zituokoe. Kumpoza mwili mtoto aliyekosa hewa kunasaidia katika nchi tajiri, na hospitali kubwa za hapa hufanya hivyo. Ila jaribio lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, likatangazwa 2021, lilikuta kumpoza hakukupunguza vifo na ulemavu vikihesabiwa pamoja. Waliopozwa walikufa zaidi. Si kila kilichofaa London kinafaa wodi iliyojaa.

Kilichofaa huku kina sura nyingine. Gillian Saloojee, mtaalamu wa fiziotherapia wa Johannesburg, alianzisha shirika la Malamulele Onward, lenye jina la mji mdogo wa Limpopo, na humo wamama wenye watoto wa namna hii hufunzwa ili nao wawafundishe wamama wenzao. Uganda kuna Baby Ubuntu, vikao kumi vya wazazi wa watoto wachanga walio hatarini, vinavyoongozwa na mhudumu wa afya pamoja na mzazi aliyepitia hayo. Mizizi ya mafunzo hayo inarudi kwenye chama cha mtindio wa ubongo cha Eastern Cape. Chumba, mkeka, mto, kijiko, wamama sita au kumi. Hapo ndipo pa kuwapeleka.

Na humo wanafundishwa nini? Hapa nina ugomvi kidogo na sisi wenyewe wenye fani. Tumezoea kumlaza mtoto, kumnyoosha mguu huu, kumnyoosha ule, kumrudishia mama, "Tuonane mwezi ujao." Pwani kwetu bibi humkanda mtoto kwa mafuta ya nazi na huimba, na bibi ana afadhali, maana angalau anamtazama mtoto machoni. Ubongo mchanga hujifunza kwa kile mtoto anachofanya mwenyewe. Nyuzi za neva zinazotumika huimarika na zisizotumika hupunguzwa, na upunguzaji huo unaendelea kwa kasi katika miezi hii tunayoipoteza kwenye miadi. Kwa hiyo mtoto alazwe kifudifudi akiwa macho, mara nyingi, muda mfupi mfupi, uso wa mama ukiwa mbele yake ili akitaka kuuona anyanyue kichwa mwenyewe. Mkono asioutumia upelekewe kitu kinachong'aa, ungojewe, usivutwe. Kukunja ngumi upande mmoja tu, au kupenda mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka, si dalili ya ushoto, ni dalili ya kupelekwa kwa mtaalamu. Anapolishwa akae wima, kidevu kiiname kidogo. Mtoto anayelishwa amelala chali hupaliwa. Kile kigari cha kutembelea mlichonunua China Mall kirudisheni dukani.

Sisemi kwamba mtindio wa ubongo utaondoka. Kovu halifutiki, na anayemuahidi mama vinginevyo, awe nabii wa Jumapili au muuza virutubisho, anamwibia. Ninachokijua ni kwamba nyonga iliyotunzwa mapema haichomoki kirahisi, mtoto anayelishwa vizuri anaishi, na mama aliyekutana na mama mwenzake hajifungii ndani.

Fedha? Afrika Kusini inazo, ila inazitoa mwishoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba, iliyo Braamfontein hapahapa mjini, iliamua shauri la mtoto aliyepata mtindio wa ubongo kwa uzembe wakati wa kuzaliwa. Idara ya afya ya Gauteng ilikuwa imekwisha kukubali kosa; ubishi ulikuwa ni namna ya kulipa zaidi ya randi milioni 23, kwa mkupuo au kidogo kidogo. Mama alishinda, na alistahili. Mashauri ya aina hiyo ni mengi kiasi kwamba yanatikisa bajeti za hospitali za umma, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya hapa ilikubali katika shauri jingine kwamba sehemu ya fidia iwe huduma badala ya fedha. Sina neno na wanasheria. Lakini nchi inayoweza kumlipia mtoto mmoja mamilioni baada ya miaka ya kesi haiwezi kunishawishi kwamba imekosa mshahara wa mtu wa kusoma video.

Kwa wamama wa lugha yetu lipo geti la kwanza kabla ya yote hayo. Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka sita wana haki ya kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, uwe na karatasi au usiwe nazo. Mwaka 2025 watu wa Operation Dudula, kundi linalopinga wageni, wakasimama kwenye milango ya kliniki kuwarudisha wageni, hadi mahakama ikawazuia mwezi wa kumi na moja. Mama aliyerudishwa getini wiki ya 14 hupata chanjo mwezi unaofuata, akipata mtu wa kumsindikiza. Dirisha la Prechtl halimsubiri. Na akiingia ndani, anaulizwa kwa Kizulu au Kiingereza kama mtoto alilia alipozaliwa, naye kwa adabu anaitikia kwa kichwa. Kwenye kitabu linaandikwa "ndiyo".

Nyumbani hatuna geti la namna hiyo, na hatuna kisingizio cha lugha. Wizara za Dodoma, Nairobi na Kampala zinaweza kuweka maswali manne na mkeka mmoja kwenye ziara ya wiki ya 14 bila kujenga ukuta hata mmoja. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam na wataalamu wanaotoka KCMC wanaweza kufundisha wasomaji wa video wa kuanzia.

Nawe mama, usingoje wizara. Kama mtoto wako hakulia, au alikuwa njiti, au alipata manjano kali au degedege, mwambie sista hivyo kwa sauti wiki ya 14, hata kama hakukuuliza. Asipokuwa na muda, mlaze mwanao chali nyumbani (njiti akifika miezi mitano hivi) akiwa macho na ameshiba, mvue nguo, mrekodi dakika tatu bila kumwita wala kumchezesha, na uipeleke video hiyo kwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali iliyo karibu nawe. Akikwambia usubiri atimize mwaka, tafuta mwingine.